Waliokufa kwa Kamba na Waliokufa kwa Njaa: Tunavyovikumbuka Vita vya Majimaji

Kila tarehe 27 Februari mji wa Songea huwa na shughuli moja kubwa. Manduna, yaani viongozi wa jadi wa Wangoni, na wazee wa Kingoni, viongozi wa serikali, askari na wanafunzi hukusanyika kwenye Makumbusho ya Majimaji, mahali walipozikwa watu walionyongwa siku kama hiyo mwaka 1906 kwa kupigana na utawala wa Kijerumani katika Vita vya Majimaji. Mashada na silaha za jadi huwekwa kaburini, hotuba husomwa, ngoma huchezwa. Idadi inayotajwa ni mashujaa 67. Kati yao 66 wamelala katika kaburi la pamoja. Wa 67 ni Nduna Songea Mbano, ambaye mji umerithi jina lake. Yeye ana kaburi lake peke yake jirani na hapo, na simulizi za ukoo wake zinasema kaburi hilo halina kichwa, kwa kuwa kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani.

Kuna hesabu nyingine ambayo ni lazima isomwe pamoja na hiyo. Serikali ya kikoloni ya Kijerumani yenyewe ilikiri kwamba wananchi 75,000 walikufa katika vita vile. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya simulizi za wazee vijijini katika miaka ya 1960, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Walio wengi katika hesabu hiyo hawakupigwa risasi wala hawakuwekwa kitanzi shingoni. Walikufa kwa njaa, na kwa maradhi yaliyofuata njaa, baada ya vihenge vyao kuchomwa na mashamba yao kuharibiwa kwa makusudi. Hao hawana siku yao, hawana mahali pa kuwekea shada, na hakuna orodha ya majina yao ya kusomwa.

Hicho ndicho kisa cha makala haya. Vita vilivyoenea kutoka Kilwa na Rufiji hadi Mahenge, Liwale, Masasi, Ungoni na Upangwa vimebaki katika kumbukumbu ya taifa kama kaburi moja la watu wachache. Siwapunguzii heshima wale 67 hata chembe. Ninachosema ni kwamba kumbukumbu yetu ilifuata kamba ikaiacha njaa, na kufanya hivyo kumetufanya tusielewe vizuri jinsi vita vile vilivyowashinda watu wa kusini.

Pamba, maji, bunduki

Tangu mwaka 1902 Gavana Gustav Adolf von Götzen alikuwa ameagiza mashamba ya pamba ya pamoja katika vijiji vya pwani ya kusini. Majumbe na maakida walisimamia, wananchi walilima kwa shuruti, malipo yakawa ya kutupa, na kodi ilidaiwa vilevile. Mtu alilima pamba ya serikali siku zile zile ambazo mtama wake ulihitaji kupaliliwa.

Huko Ngarambe, mwaka 1904, Kinjikitile Ngwale alisemekana kuvutwa na pepo aitwaye Hongo hadi ndani ya bwawa, akatoka akiwa mzima na nguo zikiwa kavu. Watu wakaanza kumiminika kwake kuchukua dawa: maji, yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na punje za nafaka, ambayo yangegeuza risasi kuwa maji. Habari zilipitishwa kwa kunong'onezana kutoka kijiji hadi kijiji, kati ya watu ambao hawakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja ya nyumbani. Julai 1905, Nandete katika milima ya Umatumbi, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa miche ya pamba. Hilo lilikuwa tangazo la vita. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwanzoni mwa Agosti, lakini mahongo wake, yaani wajumbe waliogawa dawa, walikuwa wameshasambaa.

Liwale boma lilichomwa. Askofu Cassian Spiss na wenzake wa misheni waliuawa njiani. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliishambulia boma ya Mahenge wakakutana na bunduki za mtombo, zinazofyatua risasi mfululizo. Katika Ungoni dawa ililetwa na Omari Kinjala kutoka Ungindo, na misheni ya Peramiho ikachomwa Septemba. Oktoba majeshi ya Kapteni Nigmann yaliivamia kambi ya Wangoni alfajiri, na baada ya hapo vita vya mapambano ya ana kwa ana vilikwisha. Watu waliingia porini. Nkosi (mfalme) Mputa Gama na Songea Mbano walikamatwa mwanzoni mwa 1906, wakahukumiwa, wakanyongwa. Chabruma, mtawala wa Wangoni wa Mshope, alivuka kwenda upande wa Wareno, Msumbiji, akafia huko.

Kitabu cha shule kwa kawaida huishia hapa. Kinaorodhesha sababu za vita, sababu za kushindwa, kisha matokeo, na katika orodha ya matokeo njaa hupata mstari mmoja. Mwanafunzi anaondoka akidhani njaa ilikuja baadaye yenyewe, kama ukame unavyokuja.

Njaa ilikuwa silaha

Oktoba 1905, afisa mmoja wa Kijerumani, Kapteni Wangenheim, aliandika maoni yake waziwazi: ni njaa na dhiki tu ndizo zitakazowafanya watu hawa wasalimu amri kabisa, na kwamba operesheni za kijeshi peke yake zingebaki kama tone baharini. Hayakuwa maneno ya hasira. Ilikuwa hesabu ya askari aliyegundua kwamba adui yake hana jeshi la kulizingira. Adui alikuwa kijiji, na kijiji kinaishi kwa kihenge chake.

Vikosi vilivyotumwa kusini mwishoni mwa mwaka huo vilifanya kazi kwa hesabu hiyo. Vijiji vilitiwa moto. Chakula kilichoweza kubebwa kilichukuliwa kulisha askari na wapagazi, na kisichobebeka kiliteketezwa. Mazao yaliyokuwa shambani yaliharibiwa, na waliojaribu kurudi kulima walifukuzwa.

Anayejua kilimo cha kusini anaelewa mara moja uzito wa jambo hili. Huko mvua ni za msimu mmoja. Huanza Novemba au Desemba, na mtu asipotia mbegu ardhini wakati huo hana mwaka mwingine ndani ya mwaka ule. Msimu wa 1905 kuelekea 1906 watu walikuwa wamejificha porini. Mbegu zilizookolewa ziliishia kuliwa. Kwa hiyo mavuno ya 1906 hayakuwepo, na walioweza kufika msimu uliofuata walikuwa hawana mbegu, hawana majembe, hawana nguvu ya kulima. Njaa ikaingia mwaka 1907. Watu waliishi kwa ming'oko na mizizi mingine, kwa majani, kwa wadudu. Wengine waliteremka pwani kutafuta kazi kwenye mashamba ya wazungu, yaani njaa iliwapeleka kulekule ambako amri ya gavana ilishindwa kuwapeleka kwa hiari.

Miaka kama thelathini baadaye, utafiti uliofanywa katika bonde la Ulanga ulionyesha kwamba wanawake walionusurika njaa ile walizaa watoto pungufu kwa zaidi ya robo ya kiasi ambacho kingetarajiwa. Ndiyo kusema, kuna kizazi ambacho hakikuzaliwa. Hakuna kaburi linaloweza kuonyesha jambo hilo, na hakuna idadi ya vifo inayolihesabu.

Kisha ikaja ardhi yenyewe. Mahali palipokuwa na vijiji na mashamba pakarudi kuwa pori, wanyama wakaongezeka, mbung'o wakafuata wanyama. Sehemu kubwa ya nchi iliyokuwa ya Wangindo na majirani zao iliishia ndani ya Pori la Akiba la Selous. Katika miaka ya 1940 Waingereza waliwahamisha watu zaidi wa upande wa Liwale kwa sababu ya malale, na pori likapanuka tena. Sehemu ya eneo hilo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019. Mgeni anayepelekwa kutazama tembo anaambiwa kwamba haya ni maumbile yasiyoguswa na binadamu. Yaliguswa. Sehemu ya upweke ule ilitengenezwa na moto wa 1905 na 1906, na ningetamani sana waongoza watalii wafundishwe kulisema hilo.

Kumbukumbu ilivyobadilika mikononi

Kwa miaka arobaini na zaidi baada ya vita, Majimaji hayakuwa jambo la kujivunia. Yalikuwa onyo. Mzazi aliyeiona njaa ile alimwambia mwanawe aache kushindana na serikali. Wakati wa harakati za TANU, Julius Nyerere alieleza kwamba kazi mojawapo iliyokuwa ngumu ilikuwa kuwaondolea watu hali ya kukata tamaa, kwa sababu vita vya Wahehe na vya Majimaji vilikuwa bado wazi vichwani mwao. Wazee walikuwa na hoja ya msingi: sisi tulijaribu kuwaondoa, mmeona kilichotupata.

Pwani ilikuwa na kumbukumbu yake pia. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi kuhusu vita hivi, na anayeusoma leo akitafuta sifa za waasi hazipati. Ni macho ya mtu wa mji wa pwani, mwenye kalamu na elimu ya dini, aliyeona bara limewaka moto kwa kuamini dawa. Nautaja kwa sababu unatukumbusha kwamba hata wakati majivu yalikuwa bado moto hapakuwa na simulizi moja ya Waafrika wote.

Mwaka 1956, akizungumza Umoja wa Mataifa kule New York, Nyerere aliigeuza kumbukumbu hiyo. Alisema watu wale walipigana kwa kuwa hawakuamini kwamba mzungu ana haki ya kumtawala na kumstaarabisha mweusi. Kwamba waliinuka kwa wito wa asili, si kwa kuogopa kiapo. Hapo Majimaji yakawa mwanzo wa safari iliyoishia TANU. Dawa ya maji ikawa ishara ya umoja wa makabila. Onyo la wazee likageuzwa kuwa ahadi: walishindwa kwa sababu ya silaha, sisi tutashinda bila silaha. Ni mojawapo ya kazi kubwa za kisiasa zilizowahi kufanywa na kumbukumbu katika nchi hii, na naiheshimu. Watu waliokuwa wameinamisha vichwa kwa miaka hamsini walipewa sababu ya kuviinua.

Baada ya uhuru, chuo kikuu kikaongeza nguvu. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walirudi vijijini kwao kuwahoji wazee waliokuwa bado na kumbukumbu za vita. Gwassa na John Iliffe walikuwa mstari wa mbele katika kazi hii ya kukusanya na kuchapisha. Bila wao tungebaki na kumbukumbu za maafisa na wamisionari peke yake. Hata hivyo maswali ya wakati ule yalikuwa maswali ya taifa changa: nani aliongoza, umoja ulipatikanaje, dawa ilisambazwa vipi. Hayo ndiyo taifa lilihitaji kujua. Wanahistoria waliofuata wameuliza mengine: mahusiano ya wanawake na wanaume katika kaya zilizolazimishwa kulima pamba, sheria za misitu, biashara ya pembe na mpira, ugomvi wa ndani kati ya watawala na watawaliwa. Maswali haya yamebaki zaidi kwenye vitabu vya kitaaluma, hayajafika uwanjani Songea.

Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1980, na mwaka 2010 yakachukuliwa na Makumbusho ya Taifa. Uwanja wa mpira wa mji unaitwa Majimaji. Timu ya mji inaitwa Majimaji, mashabiki wake huitwa Wanalizombe kwa jina la ngoma ya Kingoni, na ilipotwaa ubingwa wa nchi katika miaka ya 1980 jina lile la vita lilitajwa redioni kwa shangwe nchi nzima. Hilo si jambo dogo. Jina lililokuwa likinong'onwa kwa hofu sasa watoto wanalipigia kelele kwa furaha.

Kwa nini kamba

Sababu ya kwanza ni ya kawaida kabisa, nayo ni karatasi. Kunyongwa kulifanywa na serikali inayoandika. Kulikuwa na hukumu, na tarehe, na mahali. Kulikuwa na padri aliyewabatiza wengi wa waliohukumiwa kabla ya kufa, naye akaandika majina. Hivyo kumbukumbu ya mashujaa wetu inategemea kwa sehemu daftari za wale waliowaua na wale waliowabatiza. Njaa haikuandikiwa daftari. Mama aliyeanguka njiani kati ya Ungindo na Kilwa hakuulizwa jina.

Ya pili ni haja ya taifa. Taifa linalojijenga linamtaka mtu aliyesimama, akakataa, akafa ameinua kichwa. Mtoto wa miaka minne aliyekufa kwa kukosa uji hakukataa kitu chochote. Hawezi kuwekewa sanamu yenye mkuki. Hata mwanamke anayekumbukwa zaidi katika kisa hiki, Nduna Mkomanile wa Kitanda, huko Namtumbo ya leo, anakumbukwa kwa kuwa ndiye mwanamke pekee aliyekuwa miongoni mwa walionyongwa. Na anastahili. Lakini wanawake waliobeba vita vile mgongoni kwa miaka miwili, wakitafuta mizizi porini huku wamebeba watoto, wameingia kwenye historia bila jina hata moja.

Ya tatu ni ngumu zaidi kuisema. Njaa huwafanya watu watende mambo ambayo hayasimuliwi kwa wajukuu. Kugawa chakula kidogo ni kuchagua nani asile. Kunusurika katika mwaka kama ule mara nyingi kulimaanisha kumwacha mtu, au kujikabidhi kwa jirani mwenye chakula na kuwa chini yake tangu hapo. Familia inaweza kusimulia kwa fahari kwamba babu alinyongwa. Haiwezi kwa urahisi kusimulia kwamba bibi alirudi porini na watoto wawili ilhali aliondoka na wanne. Naamini ukimya huu ndio uliofanya kazi kubwa kuliko siasa yoyote.

Ya nne ni kwamba njaa inalazimisha kuuliza nani alishika kiberiti. Takwimu za Wajerumani zenyewe zinasema upande wao walikufa Wazungu 15, askari Waafrika 73 na rugaruga, yaani wapiganaji wasaidizi wa Kiafrika, 316. Fikiria maana yake: kati ya watu 404 waliokufa wakipigana upande wa serikali, 389 walikuwa Waafrika. Baadhi ya watawala wa Kiafrika, kama Kiwanga wa Wabena kule bonde la Kilombero na Merere wa Usangu, walisimama na Wajerumani kwa sababu zao wenyewe, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa hofu ya kweli ya majirani zao. Mikono iliyochoma vihenge ilikuwa mingi mieusi, kwa amri nyeupe. Simulizi ya umoja wa makabila haina mahali pa kuwaweka watu hawa, kwa hiyo imewaacha nje, na ilipowaacha wao ikaacha pia moto walioushika.

Hata ndani ya Ungoni kuna jambo. Wangoni walifika katika karne ya 19 kama watekaji, na wengi wa watu wao walikuwa Wandendeule na wengine waliotekwa na kuunganishwa nao. Walionyongwa 1906 walikuwa kwa sehemu kubwa watawala, manduna na watu wa karibu nao, kwa maana Wajerumani walikusudia kukata kichwa cha dola. Kaburi la Songea kwa hiyo ni kaburi la uongozi. Waliokuwa chini ya uongozi huo, wale waliolima na kulipa kwa Mngoni kabla ya kulima na kulipa kwa Mjerumani, wengi wao wamo katika hesabu ya njaa.

Ujerumani na fuvu moja

Huko Ujerumani vita hivi vilisahaulika kwa muda mrefu kwa kiwango ambacho kinaumiza. Mauaji ya Waherero na Wanama huko Namibia, yaliyotokea miaka ile ile, yalipata waziri wa kuomba msamaha mwaka 2004 na tamko la pamoja la serikali mbili mwaka 2021. Majimaji, yaliyoua watu wengi zaidi kwa idadi, hayakuwa na nafasi kama hiyo. Februari 2017 Waziri wa Ulinzi wa Tanzania wa wakati huo, Hussein Mwinyi, aliliambia Bunge kwamba serikali ingeangalia suala la kudai fidia. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaweka shada, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akasema ameona aibu na akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu wa waliokuwa wamekaa mbele yake. Aliahidi kusaidia kutafuta fuvu la nduna, bila kuahidi kwamba litapatikana.

Msamaha ule ulikuwa wa haki na ulichelewa miaka 117. Ukoo una haki kamili ya kumzika mtu wao akiwa kamili. Mtu asiye na kichwa hajazikwa, na anayefahamu tambiko la Kingoni hahitaji kuelezwa zaidi. Kazi yenyewe inawezekana, ijapokuwa ni ngumu. Taasisi ya urithi wa utamaduni ya Prussia mjini Berlin ilichunguza mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaliyo mengi kutoka Rwanda na mengine mia mbili na ushei kutoka Tanzania, na mwaka 2023 ikatangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeunganisha baadhi yake na familia zilizo hai Kilimanjaro.

Hofu yangu ni kuhusu yatakayokuwa mezani serikali mbili zikikaa kujadiliana. Fuvu ni kitu kimoja, linaingia kwenye sanduku, linapigwa picha, linakabidhiwa, na siku hiyo watu watasema deni limelipwa. Songea wakimpata nduna wao nami nitashangilia. Ila Mmatumbi wa Nandete, Mngindo wa Liwale na Mpogoro wa Mahenge hawana fuvu la kudai. Walichonyang'anywa ni misimu miwili ya mvua na watu walioishi kwayo. Ikiwa mazungumzo yatahusu mabaki ya watu na vitu vya makumbusho peke yake, kumbukumbu itakuwa imefuata kamba kwa mara nyingine, na safari hii kwa mkataba.

Kuna mambo yanayoweza kudaiwa na yanayoweza kufanywa, na hayasubiri hisani ya mtu. Ripoti za vikosi, barua za wilaya na shajara za vituo vya misheni za 1906 na 1907 zipo katika hifadhi za nyaraka za Ujerumani na za mashirika ya kitawa. Zina habari za njaa: nani alifika akiomba chakula, vijiji gani vilikuwa vitupu. Zitafsiriwe kwa Kiswahili zote, na nakala zifike Songea, Liwale, Kilwa na Mahenge, si Dar es Salaam peke yake. Mahojiano ya 1968 yasomwe upya kwa swali jipya, kwa sababu mzee aliyeulizwa kuhusu dawa mara nyingi alitaja njaa akipita, na huko kupita ndiko kunakohitajika sasa. Na katika shughuli ya Songea yenyewe, kabla ya majina ya walionyongwa, yasomwe majina ya nchi zilizochomewa vihenge: Umatumbi, Ungindo, Upogoro, Ungoni, Upangwa na nyingine zilizopitiwa na moto ule. Hilo linachukua dakika chache na halihitaji bajeti.

Mwalimu wa historia wa sekondari ya Liwale au Namtumbo anaweza kuanza hata kabla ya serikali. Wapo bado wazee waliolelewa na watu walioiona njaa ile. Wanafunzi wapelekwe kwao, na badala ya kuuliza nani alikuwa shujaa, waulize mwaka ule watu wa nyumba hii walikula nini, walijificha upande gani wa mto, nani aliondoka asirudi, na ukoo wetu ulikuwa unalima wapi kabla haujahamia hapa.